Umri wa Chembe Hupimwa kwa Rula

Hotuba iliyotolewa Tororo, Uganda, mbele ya walimu wa fizikia, wazazi na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita (S.5 na S.6). Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma mkaviacha vya mbele vitupu, hamjambo?

Nimesema, hamjambo? Naam, sasa nimesikia watu.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kwa Kiswahili, maana humu ndani kuna watu wa Tororo, wa Busia, wa Mbale, na wengine wamevuka mpaka asubuhi hii pale Malaba. Fizikia tumezoea kuisoma kwa Kiingereza, tena cha mtihani. Leo tutaizungumza kama watu wanavyozungumza sokoni, na mtaona kwamba haipungui chochote.

Nianze na swali. Kuna chembe, ndogo kuliko atomu, inaitwa mesoni B. Inazaliwa, inaishi, inavunjika. Umri wake wa wastani ni pikosekunde moja na nusu. Pikosekunde ni nini? Chukua sekunde moja, ikate vipande milioni moja. Halafu okota kipande kimoja, nacho ukikate vipande milioni moja. Hicho kimoja cha mwisho ndicho pikosekunde. Sasa niambieni, umri wa namna hiyo mtaupima kwa saa gani?

Kijana pale anasema saa ya kompyuta. Kijana, haifui dafu. Hata vifaa bora vya kupima muda vilivyomo ndani ya vigunduzi vikubwa vya chembe hutenganisha matukio yaliyopishana kwa makumi ya pikosekunde. Chembe yetu ingekuwa imezaliwa, imekufa na kuzikwa kabla kifaa hakijashtuka. Na bado umri wake unajulikana, tena vizuri: kosa lililobaki katika kipimo halifiki hata nusu ya asilimia moja.

Kwa saa gani? Hakuna saa. Umri wa chembe hupimwa kwa rula.

Hilo la rula nitalieleza. Lakini kilichonileta hapa hasa ni jambo lililo nyuma ya rula. Anayepima umri wa chembe ana kazi mbili. Ya kwanza ni kupima umbali. Ya pili ni kujua ni chembe zipi hakuziona, na kwa nini hakuziona. Ya kwanza ni kazi ya mafundi hodari. Ya pili ndiyo imewafanya watu wazima, maprofesa, wakose usingizi.

Tuanze taratibu, na chembe isiyo na haraka sana. Inaitwa myuoni. Inafanana na elektroni karibu kwa kila kitu, ila ni nzito mara 207 hivi, na haidumu: umri wake wa wastani ni mikrosekunde 2.2. Huzaliwa juu angani, kilomita 15 hivi kutoka ardhini, miale inayotoka mbali katika ulimwengu inapogonga hewa. Hebu nyoosheni mikono, viganja vitazame juu. Wote. Na wewe mzee wangu, usicheke. Kila sekunde, kwa makadirio, myuoni moja inapenya kiganja chako, inapenya kiti ulichokalia, inazama ardhini. Hamsikii kitu, lakini zinapita.

Sasa hesabu, nyinyi wa S.6. Hata ikienda kwa kasi ya mwanga, kwa mikrosekunde 2.2 myuoni itafika mita ngapi? Mita 660! Nayo ina kilomita 15 za kushuka. Hiyo ni safari ya umri wake mara 22 au 23. Kwa hesabu ya kawaida isingefika hata moja katika bilioni. Basi hizi zinazopenya viganja vyetu zimetoka wapi?

Jibu lilipatikana milimani. Bruno Rossi alikuwa Mwitaliano aliyelazimika kuihama nchi yake mwaka 1938 kwa sababu ya sheria zilizowabagua Wayahudi. Akafika Marekani, na mwaka 1941 yeye na David Hall walihesabu chembe hizi sehemu mbili katika jimbo la Colorado: Denver, mji ulio chini ya Kabale yetu kwa kimo, na Echo Lake, juu mlimani, zaidi ya mita 3,200. Wakalinganisha chembe za mwendo mdogo na za mwendo mkubwa. Zile za mwendo mdogo zilipotea njiani kwa wingi kuliko zile za mwendo mkubwa, na tofauti ilikubaliana na yale Einstein aliyoyaandika mwaka 1905: kwa chembe inayokimbia, muda unanyooka. Saa yake inakwenda polepole kuliko yetu. Baadaye, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1977, watu wa CERN, maabara ya chembe iliyopo Geneva, waliziweka myuoni kwenye duara la sumaku zikizunguka kwa asilimia 99.94 ya kasi ya mwanga. Umri ukapanda kutoka mikrosekunde 2.2 hadi 64. Karibu mara 30!

Hapa nina neno na walimu. Sisi tuna Elgon, jamani. Kutoka hapa hadi Mbale ni safari fupi, na kilele cha Wagagai kina mita 4,321. Rossi na Hall walitumia vihesabio ambavyo leo idara ya fizikia ya chuo kikuu inaweza kuviunda yenyewe. Kuhesabu myuoni hapa chini, kisha kuzihesabu huko juu, ni jaribio la nadharia ya Einstein lisilohitaji ruhusa ya mtu yeyote Ulaya. Nimelisema hili katika vikao vingi na nitaendelea kulisema mpaka mtu abebe begi apande.

Kabla sijaliacha jambo la umri, kuna kitu lazima kieleweke, la sivyo yote yanayofuata yatapotea. Nikisema umri wa wastani wa myuoni ni mikrosekunde 2.2, sisemi kwamba ikifika hapo imezeeka. Chembe hazizeeki. Fikirini bilauri za hotelini, zile za chai. Bilauri haivunjiki kwa sababu ni kuukuu, inavunjika kwa sababu leo mhudumu ameteleza. Iliyonunuliwa jana na iliyonunuliwa mwaka jana zina hatari ileile kesho asubuhi. Ndivyo ilivyo myuoni. Iliyokwisha kuishi mikrosekunde 10 ina matumaini yaleyale ya kuendelea kuishi kama iliyozaliwa sasa hivi. Kwa hiyo huwezi kuitazama chembe moja ukajua umri wa aina yake. Lazima uzitazame nyingi, uchore grafu, uone zinavyopungua: baada ya umri mmoja wa wastani zimebaki asilimia 37, baada ya umri wa pili asilimia 37 ya hizo, na kuendelea. Umri wa chembe umo katika mteremko wa grafu.

Shikeni hilo la grafu. Tutalirudia, na hapo ndipo penye mtego.

Sasa rula. Mwanga hutembea sentimita 30 kwa nanosekunde, na milimita 0.3 kwa pikosekunde. Chembe inayokimbia karibu na kasi ya mwanga huacha nyuma yake umbali, na umbali tunaweza kuupima. Tunahitaji kujua mahali ilipozaliwa, yaani pale protoni mbili zilipogongana. Tunahitaji kujua mahali ilipovunjika: chembe zilizotokana nayo zinaacha njia zao ndani ya kigunduzi, tunazifuata njia hizo kwa kurudi nyuma mpaka zikutane. Kati ya nukta hizo mbili kuna umbali. Na tunahitaji momentamu yake, yaani msukumo wa mwendo wake, tunayoipata kwa kuangalia sumaku inavyozipinda zile njia.

Kanuni ni fupi mno: umri ni uzito mara umbali, gawanya kwa momentamu. Ukigawanya kwa momentamu, ule unyookaji wa muda wa Einstein unakuwa umeshaondolewa, na unachopata ni umri kwa saa ya chembe yenyewe. Tufanye mfano mmoja. Mesoni B ina uzito wa GeV 5.28; GeV ni kipimo cha nishati tunachokitumia pia kwa uzito na momentamu ya chembe. Tuseme ina momentamu ya GeV 100 na imesafiri milimita 10 kabla ya kuvunjika. Mara, gawanya: milimita 0.528. Gawanya tena kwa 0.3, ile hatua ya mwanga. Pikosekunde 1.76. Umeshapima! Mwanafunzi wa S.2 anaijua hesabu hii.

Hesabu ni rahisi. Kuipata ile milimita 10 ndiyo shughuli. Pale Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna mashine inayogonganisha protoni ndani ya handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27, yaani ukilinyoosha kutoka katikati ya Kampala utaipita Mukono. Katika sehemu moja ya handaki hilo kuna kigunduzi kinaitwa LHCb. Ndani yake kuna vipande vya silikoni vilivyopangwa kuuzunguka mwali wa protoni, na vinausogelea mno: milimita 8 katika miaka ya mwanzo, na kama milimita 5 katika kifaa kipya. Milimita 5 kutoka kwenye mwali unaoweza kuviunguza! Mwali unapoingizwa huwa mpana na haujatulia, kwa hiyo nusu mbili za kifaa zinarudi nyuma, moja kushoto moja kulia, zinasubiri. Mwali ukitulia, zinasogea na kufunga. Kila mara mashine inapojazwa protoni, mchezo huo unarudiwa. Matokeo yake ni kwamba umri wa mesoni moja unaweza kusomwa kwa kosa la femtosekunde 50 hivi, na femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde.

Ni nani aliyefikiria kuitafuta milimita hiyo? Hapo pana hadithi ya mwaka 1983. California, kwenye maabara ya SLAC, makundi mawili, MAC na Mark II, yalikuwa yanagonganisha elektroni na positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Kwaki ni vipande vidogo vinavyounda chembe kama protoni na mesoni; kwaki b, iliyo ndani ya mesoni B, ni nzito, na mazoea yalisema kwamba kilicho kizito hufa haraka. Kama ingefuata tabia ya kwaki nyepesi, umri wake ungekuwa mfupi sana kuliko tunaoujua leo, na vigunduzi vya wakati ule visingeona kitu. Waliangalia hivyo hivyo. Njia mojamoja hazikusema lolote, kwa sababu kosa la kipimo lilikuwa kubwa kama kitu chenyewe kilichotafutwa. Lakini walipochukua wastani wa njia nyingi, ukaegemea upande mmoja. Mesoni zilikuwa zinasafiri kabla ya kuvunjika. Umri: zaidi ya pikosekunde moja.

Kwa nini chembe nzito iishi muda mrefu hivyo? Kwa sababu kwaki b, ikitaka kuvunjika, lazima igeuke kuwa kwaki ya familia nyingine, na mlango kati ya familia hizo ni mwembamba. Wembamba wa mlango ule hauonekani kwa macho, hauna uzito, hauna rangi. Unasomwa katika umri. Kobayashi na Maskawa wa Japani walikuwa wameandika mwaka 1973 kwamba lazima kuwe na familia tatu za kwaki, wakapewa Nobeli mwaka 2008. Na kwa kuwa mesoni B inaishi vya kutosha kuacha umbali, kila kigunduzi kikubwa kilichojengwa baadaye kilitaka silikoni karibu na mwali. Kwaki ya mwisho, ile ya t, ilipopatikana katika maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1995, alama mojawapo iliyoitambulisha ilikuwa umbali huo mdogo ulioachwa na kwaki b iliyozaliwa pamoja nayo.

Sawa. Mmeelewa rula? Basi sasa naingia kwenye mtego.

Kwenye mashine ile ya Geneva makundi ya protoni yanapishana mara milioni 40 kwa sekunde. Banange! Nani ataandika yote hayo? Haiwezekani. Lazima mitambo ichague papo hapo: hili tunza, hili tupa. Wachaguzi watachagua nini? Wanatafuta mesoni B, na alama ya mesoni B ni umbali. Kwa hiyo wanaiambia mitambo: tunza matukio yenye chembe iliyovunjika mbali na mahali pa mgongano.

Mmeona walichofanya? Wametaka kupima umri, na wamewachuja wenye umri mfupi kabla ya kuanza kuhesabu.

Mama mwenye hoteli anataka kujua bilauri zake zinadumu muda gani. Anaandika daftarini kila inayovunjika. Lakini zile zilizovunjika ndani ya katoni, siku ileile ya kununuliwa, mtoto alizifagia akazitupa na hakumwambia. Mama atapata jibu, tena jibu zuri, lenye desimali. Na litakuwa refu kuliko ukweli. Daftari lake halina uongo hata mstari mmoja, na jumla yake ni uongo.

Wanaopima hufanya nini basi? Hawaziachi tu zile za umri mfupi zipotee. Wanauliza: chembe ya umri huu, ina nafasi gani ya kupita kwenye mchujo wetu? Ya umri ule, je? Wanachora mkunjo wa nafasi hizo na kusahihisha grafu yote kwa huo. Kisha, kwa kuwa hawauamini sana mkunjo wao wenyewe, na mimi nawaunga mkono kwa hilo, wanatafuta chembe nyingine ambayo umri wake unajulikana vizuri, wanaipitisha katika mchujo uleule, na wanapima uwiano. Kosa linaloziathiri zote mbili sawasawa linajifuta. Kuna na desturi nyingine ninayoipenda: vikundi vingi huficha jibu. Kompyuta inaongeza namba ya siri kwenye umri, na hakuna anayeona namba halisi mpaka njia yote ya kazi imekubaliwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu akishaona kwamba jibu lake linafanana na la kitabu, anaacha kutafuta makosa. Walimu, si tunawajua wanafunzi wa namna hiyo? Na walimu je?

Hadithi ya mtego huu ni ya chembe inaitwa Omega-c. Ni barioni, yaani chembe ya kwaki tatu: kwaki c moja na kwaki s mbili. Kwa miaka mingi vitabu viliandika umri wake kuwa femtosekunde 69, kosa 12. Ilikuwa ya mwisho katika ndugu zake, yaani barioni nyingine zenye kwaki c, ya umri mfupi kuliko wote. Namba hiyo ilitoka katika majaribio kadhaa yaliyokubaliana, kila moja likiwa na makumi tu ya Omega-c. Makumi tu. Ukiwa na makumi, uchafu kidogo ulioingia katika hesabu unatosha kuuvuta wastani.

Mwaka 2018 kikundi cha LHCb kikatangaza kipimo chake. Walikuwa na Omega-c kama elfu moja, zote zikiwa zimetokana na kuvunjika kwa chembe nzito zaidi, na walilinganisha na mesoni D yenye chaji, chembe nyingine yenye kwaki c, ambayo umri wake haubishaniwi. Unadhani walipata ngapi? 69? 75? Walipata 268, kosa 24. Karibu mara nne!

Jiulizeni mngefanya nini. Kitabu kinasema 69, daftari lako linasema 268. Wengi wetu tungeifuta kazi na kuanza upya. Wao walichapisha. Mwaka 2022 kikundi hichohicho kikapima tena kwa Omega-c zilizotoka moja kwa moja kwenye mgongano, njia tofauti kabisa, wakapata 276 hivi. Mwaka huohuo kikundi cha Belle II, huko Tsukuba, Japani, kinachotumia elektroni na positroni badala ya protoni, kikapata 243, kosa 48. Mashine nyingine, watu wengine, mchujo mwingine, na 69 haikurudi. Omega-c ikatoka mkiani ikapanda mpaka nafasi ya pili katika ndugu zake wanne, na wananadharia wakarudi kwenye karatasi zao kuuliza zile kwaki s mbili zinafanya nini humo ndani.

Sitawacheka wale wa mwanzo. Walitumia walichokuwa nacho, na waliandika kosa lao wazi. Ninachowaambia ni kwamba majaribio kadhaa kukubaliana si ushahidi wa kutosha kama yote yana udhaifu unaofanana.

Kuna mahali ambapo rula nayo inashindwa. Chembe Z, chembe nzito sana, huishi sekunde 2.6 mara kumi kipeo hasi 25. Umbali wake ni mdogo kuliko protoni yenyewe. Hakuna silikoni itakayouona. Tunafanyaje? Tunageuza swali. Maumbile yana sheria kwamba kinachoishi muda mfupi hakina uzito mmoja kamili, na kadiri muda unavyokuwa mfupi, ndivyo uzito unavyotawanyika. Kwa hiyo unapima upana wa mtawanyiko, na upana unakupa umri.

Kazi hiyo ilifanywa na mashine iliyokuwa inaitwa LEP, ndani ya handaki lilelile la kilomita 27, kuanzia mwaka 1989. Waliongeza nishati kidogo kidogo, wakihesabu chembe Z ngapi zinazaliwa, mpaka mlima wa grafu ukatokea. Upana wake ni GeV 2.495. Na ndani ya upana huo mlikuwa na siri nyingine: kila aina ya nyutrino iliyopo, chembe nyepesi mno isiyo na chaji, inaipa Z mlango mmoja zaidi wa kufia, na kuupunguza umri wake. Nyutrino hazionekani kwenye kigunduzi. Lakini kutokana na umri waliweza kuzihesabu aina zake, wakapata 2.98, yaani tatu. Zile ambazo hakuna aliyeziona zilihesabiwa kwa upungufu ziliousababisha katika maisha ya mwingine.

Na sasa kichekesho. Ili upana uwe sahihi, nishati ya mwali lazima ijulikane kwa usahihi mkubwa mno, na ilikuwa haitulii. Inapanda, inashuka. Walichunguza, wakakuta mwezi! Mvuto wa mwezi unaosababisha maji kupwa na kujaa Mombasa unanyanyua pia miamba, na handaki la kilomita 27 lilikuwa linanyooka na kurudi kwa milimita moja hivi. Mashine ikahisi. Wakasahihisha. Bado kulikuwa na mabadiliko, wakakuta kiwango cha maji katika Ziwa Geneva, kwa maana ziwa likijaa uzito wake unaisukuma ardhi. Wakasahihisha. Bado kukabaki mtikisiko wa mchana unaotulia usiku wa manane, na mwaka 1995 wakamkamata mhusika: treni za umeme. Umeme unaovuja kwenye reli ulikuwa unapita ardhini na kwenye bomba la mashine. Mtu anapima kitu kinachoishi sehemu isiyoelezeka ya sekunde, na inambidi awe na ratiba ya treni mfukoni.

Chembe ya Higgs, ile iliyotangazwa Geneva tarehe 4 Julai 2012, naipitia haraka kwa sababu muda wa mwenyekiti unakwisha. Kwake rula haifai, na upana wake ni mdogo kuliko makosa ya vigunduzi. Nadharia inasema umri wake ni sekunde 1.6 mara kumi kipeo hasi 22. Mwaka 2022 kikundi cha CMS, kigunduzi kingine cha handaki lile la Geneva, kiliukadiria kwa njia ya kuzunguka, kwa kulinganisha Higgs zenye uzito wake wa kawaida na zile zinazojitokeza zikiwa nzito kupita kiasi, wakapata 2.1, na kosa linaloifunika namba ya nadharia vizuri. Hapo kazi bado iko wazi, na mmoja wa vijana hawa anaweza kuifanya.

Mtasema: mwalimu, hiyo ni Geneva, sisi tuko Tororo, umeme wenyewe unakatika. Nisikilizeni. Kuna zoezi ambalo kikundi cha LHCb kimewaandalia wanafunzi wa sekondari duniani kote, kwa data za kweli kutoka kwenye mashine, bure. Unapima umri wa mesoni D isiyo na chaji. Kwanza unatazama picha za migongano na kutafuta kwa macho njia mbili, ya kaoni na ya pioni, yaani chembe mbili ambazo mesoni D huvunjika kuwa, zinazokutana mbali kidogo na kitovu. Kisha unapewa data nyingi, unachora grafu ya uzito, unaondoa uchafu, unachora grafu ya umri, unasoma mteremko.

Na zoezi hilo lina mtego uleule, na ndiyo maana nalipenda. Mara ya kwanza umri unatoka mrefu mno. Kwa nini? Kwa sababu baadhi ya mesoni D hazikuzaliwa kwenye mgongano. Zimetokana na mesoni B iliyosafiri kwanza, kwa hiyo umbali unaouona una safari ya mama na ya mtoto. Hizo unazitambua kwa sababu njia zake hazirudi sawasawa kwenye kitovu. Unaanza kuzikataa, kidogo kidogo, na kila ukikaza mchujo, umri unashuka. Unashuka, unashuka, halafu unatulia karibu na pikosekunde 0.41. Belle II walipata femtosekunde 410.5. Kijana wa S.5 akikaa mbele ya kompyuta na kuona namba yake ikishuka mpaka hapo, hahitaji mimi kumhubiria.

Walimu wakuu mliopo, zoezi linahitaji kompyuta moja kwa wanafunzi wawili na intaneti ya kushusha data mara moja tu. Shusheni usiku kama mtandao wa mchana ni mzito. Data nimezileta kwenye flashi, ziko kwa mwenyekiti. Njooni na za kwenu mnakili. Wanafunzi, mkipata 0.41 mara ya kwanza bila kukaza mchujo wowote, mwiteni mwalimu, kuna kitu kimeharibika.

Sasa maswali. Naanza na wale wa nyuma, maana hao ndio waliokuwa wananong'ona wakati wa mwezi na treni.